Sauti Inayopita Ngozini: Historia ya Kipandikizi cha Koklea katika Vyuo Vikuu na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kipandikizi cha koklea, yaani kifaa cha kielektroniki kinachopeleka usemi moja kwa moja kwenye neva ya usikivu ya mtu asiyesikia, kuanzia jaribio la Paris la mwaka 1957 hadi mkakati wa kuchakata usemi uliochapishwa mwaka 1991. Hoja kuu ni kwamba katika kila hatua kubwa ya historia hiyo, swali lililowakwamisha watafiti halikuwa la upasuaji wala la umeme peke yake. Lilikuwa pia swali la kifonetiki: ni sehemu gani ya usemi ipelekwe, na ni ipi iachwe? Majibu yaliyopatikana yalijengwa juu ya data za lugha chache. Kwa kuwa vipandikizi sasa vinawekwa katika hospitali za Afrika Mashariki, makala yanaonyesha jinsi maamuzi hayo ya zamani yanavyowagusa watoto wanaojifunza kusikia kwa Kiswahili na kwa lugha jirani zenye toni.

Utangulizi

Historia ya kipandikizi cha koklea imezoeleka kusimuliwa na madaktari wa upasuaji na wahandisi. Katika masimulizi yao, lugha hutajwa mwishoni, kama zawadi anayoipata mgonjwa baada ya kifaa kufanya kazi. Mpangilio huo unaficha jambo moja la msingi. Kifaa chenyewe ni nadharia ya usemi iliyotiwa ndani ya kasha la titani. Kila kinapowashwa, hufanya uamuzi kuhusu yapi katika maneno ya msemaji yanastahili kumfikia msikilizaji, na uamuzi huo ulifanywa na watu waliokuwa wakisikiliza lugha fulani.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vema kukumbuka jinsi sikio lenye afya linavyofanya kazi. Koklea ni mfereji mdogo wa sikio la ndani, uliojiviringa takribani mara mbili na nusu kama kombe la konokono, wenye urefu wa milimita 35 hivi. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba mtetemo wa sauti husafiri ndani ya mfereji huo kama wimbi. Sauti zenye masafa ya juu hufikia kilele karibu na mlango wa koklea, nazo za masafa ya chini hufikia kilele karibu na ncha. Kwa hiyo koklea ni kama ubao wa kinanda uliokunjwa, ambamo mahali penyewe huwa na maana. Seli zenye vinywele hugeuza mtetemo kuwa ishara za umeme, na nyuzi zipatazo 30,000 za neva ya usikivu huzipeleka ishara hizo kwenye ubongo.

Uziwi mwingi mkubwa hutokana na kufa kwa seli hizo, ilhali nyuzi nyingi za neva hubaki hai. Mtu wa namna hiyo hasaidiwi sana na shimesikio, kwa kuwa kukuza sauti ni kubisha hodi kwa nguvu zaidi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kufungua. Wazo la kuiruka seli iliyokufa na kuisisimua neva yenyewe kwa umeme lilianza mapema kuliko elimu ya neva. Mwaka 1800 Alessandro Volta aliielezea jumuiya ya wanasayansi ya London namna alivyotia vijiti vya chuma masikioni mwake, akaviunganisha na betri aliyoibuni, akasikia kishindo na kisha mlio kama wa kitu kizito kinachochemka. Hakurudia jaribio hilo, na hakuna wa kumlaumu.

Paris, 1957

Tarehe 25 Februari 1957, daktari wa upasuaji Charles Eyriès alimpasua mgonjwa wa Paris aliyekuwa amepoteza usikivu wa masikio yote mawili kwa maradhi. Lengo la awali lilikuwa kutengeneza neva ya uso. Katika upasuaji huohuo aliweka koili ndogo iliyotengenezwa na André Djourno, profesa wa fizikia ya tiba, ncha yake moja ikigusa kisiki cha neva ya usikivu. Koili ya pili ilishikwa nje ya ngozi. Umeme ulipopita katika koili ya nje, uliibua umeme katika koili ya ndani bila waya wowote kupenya ngozi.

Msomaji wa leo anaweza kuupita mpango huo haraka, lakini ndani yake mna nusu ya historia yote inayofuata. Tangu siku ya kwanza, kifaa cha usikivu kilikuwa chombo cha mawasiliano yasiyotumia waya, ingawa umbali uliovukwa ulikuwa milimita chache tu za ngozi. Djourno alikuwa amejaribu mbinu hiyo kwa wanyama kabla ya kukutana na Eyriès, na kilichomvutia kilikuwa usisimuaji wa neva kwa jumla. Usemi ulimjia kama tatizo la ziada.

Mgonjwa alisikia. Alieleza kuwa milio aliyoipata ilifanana na ya nyenje. Baada ya mazoezi aliweza kubainisha maneno machache aliyokuwa ameyazoea, kama vile yale ya kumwita baba na mama na salamu ya kwenye simu, pale alipojua kwamba neno linatoka katika orodha hiyo fupi. Kuelewa mazungumzo hakukuwezekana. Koili ikaharibika, ya pili ikawekwa, nayo ikaharibika. Eyriès akakataa kuweka ya tatu, na ushirikiano wao ukavunjika.

Djourno hakutaka kazi yake ifungiwe katika mkataba na kampuni moja. Aliamini kuwa maarifa ya chuo ni ya umma. Msimamo huo una heshima yake. Hata hivyo, bila fedha na bila kiwanda, kazi ya Paris ilikoma kwa karibu miongo miwili, hadi Claude-Henri Chouard na wenzake walipoifufua katika miaka ya 1970. Mvutano kati ya chuo na kiwanda utajitokeza tena, na si kila mara ulikuwa na matokeo hayohayo.

Plagi ya California

Habari za Paris zilivuka bahari kwa njia ya kawaida kabisa: mgonjwa mmoja wa Los Angeles alimletea daktari wake, William House, kipande cha gazeti. Mwaka 1961 House, pamoja na daktari wa upasuaji wa ubongo John Doyle, aliweka elektrodi kwa wagonjwa wake wa kwanza. Vifaa hivyo havikudumu, kwa sababu mwili haukuvumilia nyenzo iliyotumika kuhami waya. House alirudi kwenye kazi hiyo baadaye akiwa na mhandisi Jack Urban, wakatengeneza kifaa chenye elektrodi moja ambacho mwaka 1984 kilikuwa cha kwanza kuidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Blair Simmons alichukua njia nyingine. Mwaka 1964 aliingiza elektrodi sita katika neva ya usikivu ya mtu mzima na kuziunganisha na plagi iliyotokeza nje ya ngozi. Nia yake ilikuwa kujua kama mahali tofauti pa neva hutoa vidatu tofauti vya sauti. Jibu lilikuwa ndiyo. Usemi, hata hivyo, haukueleweka.

Plagi ni mlango wa vijidudu, na hakuna aliyetaka mgonjwa aishi nayo maisha yote. Lakini kwa mtafiti ilikuwa neema. Kiungo cha redio hubana: hupitisha yale tu ambayo mbunifu wake aliyafikiria mapema. Plagi humruhusu mtafiti kuigusa elektrodi moja kwa moja, kubadili mkakati asubuhi na kujaribu mwingine jioni kwa mtu yuleyule. Chuo Kikuu cha Utah nacho kilitumia plagi katika kifaa chake, na ni wagonjwa wa kifaa hicho waliofanya uvumbuzi wa mwaka 1991 uwezekane. Mara nyingi husemwa kwamba mawasiliano bila waya ndiyo yaliyokifikisha kifaa hiki kilipo. Ni kweli kwa upande wa matumizi. Kwa upande wa maarifa, waya ulitangulia.

Mwaka 1977 ilitoka tathmini iliyoongozwa na Robert Bilger wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, iliyogharimiwa na taasisi za afya za taifa za Marekani. Ilichunguza wagonjwa 13 wenye vifaa vya elektrodi moja. Matokeo yalikuwa ya kiasi. Hakuna aliyeelewa usemi kwa kifaa pekee, lakini kifaa kiliwasaidia kusoma midomo, kudhibiti sauti zao wenyewe na kutambua milio ya mazingira. Kabla ya hapo, wataalamu wengi wa fiziolojia ya sikio waliona kazi nzima kuwa ya kukosa uadilifu wa kisayansi. Hoja yao haikuwa dhaifu: vipi waya mmoja, au hata kumi, ungechukua nafasi ya nyuzi 30,000?

Walichokosa ni elimu ya upande wa pili, ile ya usemi wenyewe. Katika miaka ya 1930 Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa ameonyesha kwa chombo chake kilichoitwa vokoda kwamba usemi unaoeleweka unaweza kuundwa upya kutokana na mikondo kumi tu ya masafa. Usemi hubeba habari zake katika miendo ya polepole ya kinywa, na sauti ya koo ni kipando tu cha kuibebea miendo hiyo. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney walipima irabu za Kiingereza cha Marekani kwa wasemaji 76, wakaonyesha jinsi fomanti mbili za kwanza, yaani vilele viwili vya mwangwi wa kinywa, zinavyotosha kwa kiasi kikubwa kuitambulisha irabu. Gunnar Fant wa Stockholm akatoa mwaka 1960 nadharia ya akustika ya utoaji wa usemi, akitegemea picha za eksirei za matamshi ya Kirusi. Misingi ya kipandikizi ilikuwa tayari katika maktaba za fonetiki. Madaktari wachache tu ndio waliokwenda huko kuisoma.

Melbourne na Vienna

Graeme Clark alikwenda. Baba yake, mfamasia katika mji mdogo wa Australia, alikuwa na uziwi, na Clark alisimulia mara kwa mara jinsi alivyoshuhudia aibu ya wateja kulazimika kupaza sauti dukani. Aliacha kazi ya upasuaji iliyokuwa na kipato kizuri, akasoma shahada ya uzamivu Sydney kuhusu usisimuaji wa neva ya usikivu, na mwaka 1970 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Fedha za utafiti hazikupatikana kwa urahisi, na kwa miaka kadhaa kazi ilitegemea michango ya umma iliyokusanywa kupitia harambee ya televisheni.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kimaumbile: namna ya kuisukuma elektrodi ndani ya mfereji uliojiviringa bila kuutoboa. Mwaka 1977 Clark, akiwa mapumzikoni ufukweni, alijaribu kwa kombe la bahari na majani. Jani lililo laini nchani na gumu kwenye shina liliingia vizuri, na kanuni hiyo ikatumika kwenye elektrodi.

Tarehe 1 Agosti 1978 mgonjwa wa kwanza wa Melbourne, mtu mzima aliyepoteza usikivu baada ya kuumia kichwa, aliwekewa kifaa chenye elektrodi 10 kilichopokea nguvu na habari kwa mawimbi ya redio. Vipindi vya mwanzo vya majaribio havikutoa sauti yoyote, hadi hitilafu ya vifaa vya kupimia ilipogunduliwa. Baadaye aliutambua wimbo wa taifa uliochezwa kwa kubadili kasi ya midundo ya umeme. Kutambua wimbo, hata hivyo, si kuelewa neno.

Lililofuata ndilo lenye uzito zaidi kwa mwanaisimu. Clark na mwenzake Joe Tong walimwomba mgonjwa aeleze anachosikia kila elektrodi inaposisimuliwa peke yake. Hakusema "juu" na "chini" tu. Alisema sauti hizo zinafanana na irabu, na irabu aliyoitaja ilibadilika kulingana na mahali pa elektrodi. Irabu zenyewe zililingana na zile ambazo fomanti ya msikilizaji wa kawaida ingeisisimua sehemu hiyo ya koklea. Ubongo wake ulikuwa bado umeihifadhi ramani ya irabu za lugha yake. Kutokana na ushahidi huo timu ilifikia uamuzi: badala ya kujaribu kupeleka usemi wote, kifaa kichambue fomanti ya pili na kuipeleka kama mahali, kisha kipeleke masafa msingi ya sauti kama kasi ya midundo. Mengine yote yatupwe. Kabla ya mwaka 1978 kuisha, mgonjwa aliweza kutambua baadhi ya maneno bila kuona midomo. Mgonjwa wa pili, mwaka 1979, alikuwa amekaa zaidi ya miaka kumi bila kusikia, na bado ramani ile haikuwa imefutika.

Ni vigumu kutaja mahali pengine katika historia ya tiba ambapo kauli ya mgonjwa kuhusu irabu iliamua muundo wa mashine. Ni vizuri pia kuona kilichoamuliwa. Fomanti ya pili ilichaguliwa kwa sababu katika Kiingereza ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kutofautisha irabu na mahali pa kutamkia konsonanti. Fomanti ya kwanza iliongezwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya upungufu kuonekana.

Vienna ilifuata njia yake. Ingeborg na Erwin Hochmair, wahandisi wa chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, walitengeneza kifaa chenye mikondo minane kilichopandikizwa na daktari Kurt Burian tarehe 16 Desemba 1977, miezi kadhaa kabla ya Melbourne. Mabishano ya nani alitangulia hayana faida kubwa hapa. Vyuo vyote viwili hatimaye vilikabidhi kazi yao kwa viwanda: Melbourne kwa kampuni ya Australia iliyokuwa na ujuzi wa vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo, Vienna kwa kampuni ambayo watafiti wenyewe waliianzisha. Djourno asingekubali, lakini bila hatua hiyo vipandikizi vingebaki kuwa habari za majarida.

Mwaka 1991

Kwa takribani muongo mmoja kambi mbili zilishindana: moja iliyochambua fomanti na nyingine iliyopeleka mawimbi yote kwa pamoja. Kambi ya pili ilikabiliwa na tatizo la kifizikia. Elektrodi mbili zikisisimuliwa kwa wakati mmoja, mikondo yake huchanganyika ndani ya majimaji ya koklea, na mgonjwa husikia vurugu.

Blake Wilson na wenzake, wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya North Carolina iliyo jirani na vyuo vikuu vya huko, walitoa suluhisho lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1991. Usemi ugawanywe katika mikondo michache ya masafa. Kutoka kila mkondo ichukuliwe panda-shuka ya nguvu tu, kama alivyofanya Dudley. Kisha kila elektrodi ipewe midundo ya kasi, kwa zamu, ili zisipige mbili kwa pamoja. Kifaa hakihitaji tena kukisia fomanti iko wapi. Wagonjwa walewale, kwa elektrodi zilezile, walielewa usemi vizuri zaidi kuliko walivyoelewa kwa mkakati wa awali, wengine kwa tofauti kubwa. Elektrodi hazikuguswa; kilichobadilika ni maelezo ya usemi. Matokeo hayo yaliachwa wazi kwa umma, na kampuni zote kubwa zikayatumia au kuyajengea. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba wasikilizaji wa kawaida wanaweza kuelewa sentensi zilizobakizwa mikondo minne tu ya kelele. Mwaka 2013 Clark, Ingeborg Hochmair na Wilson walishirikiana Tuzo ya Lasker.

Ndani ya ushindi huo kuna hasara iliyokubaliwa kimya. Panda-shuka ya nguvu huhifadhi miendo ya kinywa, lakini huipoteza sehemu kubwa ya kidatu cha sauti. Kwa msemaji wa Kiingereza au Kijerumani aliye katika chumba kimya, hasara hiyo ni ndogo. Kwa msemaji wa Kichina, ambamo toni hutenganisha maneno, si ndogo, na tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha ugumu huo.

Viziwi wenyewe

Simulizi hili halikamiliki bila upinzani. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha kifaa cha Melbourne kwa watoto wa kuanzia miaka miwili. Chama cha kitaifa cha viziwi cha nchi hiyo kilipinga hatua hiyo: mtoto hakuulizwa, na lugha ya alama ilikuwa ikitendewa kama dalili ya ugonjwa. Waraka wa chama hicho wa mwaka 2000 ulilegeza msimamo na kukitaja kipandikizi kama njia mojawapo kati ya kadhaa, lakini hoja yake ya msingi ilibaki: mtoto asinyimwe lugha akisubiri sauti. Kwa Afrika Mashariki hoja hiyo ina mashiko ya kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama. Sera inayotenga fedha za vipandikizi kwa kuziondoa kwenye shule za lugha ya alama itakuwa imelipa deni moja kwa kukopa jingine.

Kiswahili ndani ya kifaa

Tanzania ilikuwa ikiwapeleka watoto India kwa upasuaji huu kabla ya Hospitali ya Taifa Muhimbili kuanza kuufanya mwaka 2017. Kuanzia hapo swali la lugha si la kinadharia tena. Upasuaji huchukua saa chache. Kujifunza kusikia huchukua miaka, na hufanywa kwa maneno ya lugha fulani.

Mwanzo ni mwepesi. Kipimo cha sauti sita alichokianzisha Daniel Ling katika Chuo Kikuu cha McGill, ambacho wataalamu hukitumia kila siku kuhakiki kama kifaa kinapitisha masafa yote ya usemi, kina sauti zinazolingana na a, i, u, m, s na sh. Zote ni fonimu za Kiswahili, na mama yeyote anaweza kuzitamka akiwa nyuma ya mtoto bila mafunzo ya siku nyingi.

Irabu pia ni rafiki. Mfumo wa irabu tano unaacha nafasi kubwa kati ya irabu na irabu. Ukizipanga kwa fomanti ya pili pekee, i, e na a hutengana waziwazi. O na u ndizo zinazokaribiana, na hizo hutenganishwa na fomanti ya kwanza. Hata mkakati wa Melbourne wa mwaka 1978 ungeweza kufika mbali kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza chenye irabu maradufu.

Ugumu uko kwenye sarufi. Kiswahili huweka habari nzito katika viambishi vifupi vilivyo mwanzoni mwa neno, mbali na silabi yenye mkazo. Kimeanguka na vimeanguka hutofautiana kwa konsonanti moja. Anakupenda na anampenda hutenganishwa na silabi moja, na katika ya pili silabi hiyo ni m tupu, nazali isiyo na irabu, yenye nguvu yake karibu yote katika masafa ya chini. Konsonanti kama k na v ni fupi au dhaifu, na ndizo zinazomezwa kwanza na kelele za darasa. Mtoto anaweza kufaulu majaribio yote ya maneno ya picha, kama vile bata, paka na nyumba, huku upatanisho wa kisarufi ukimpita. Mwalimu atamwona ana lugha dhaifu, kumbe ana usikivu usiopimwa mahali panapostahili.

Kisha kuna kiimbo. "Mama amekuja" inaweza kuwa taarifa au swali, na anayeamua ni kidatu cha sauti, kile hasa ambacho mkakati wa mwaka 1991 hukibakiza kidogo. Neno "je" huziba pengo hilo, na mshauri wa wazazi anaweza kuwaambia walitumie kwa makusudi. Mkazo una nafuu zaidi, kwa kuwa hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huambatana na urefu na nguvu. Jozi kama barabára na barábara ni za nadra.

Lakini wapo watoto wengi wa eneo hili ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza nyumbani. Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda, Kihaya, Kigikuyu na Kijaluo zote zina toni. Mtoto wa Bukoba aliyepandikizwa kifaa Dar es Salaam na kupimwa kwa orodha ya maneno ya Kiswahili anaweza kupata alama nzuri kliniki, kisha akarudi kwa bibi yake na kukuta nusu ya tofauti za maneno hazimfikii. Mshauri wa sera atakayeamua kuwa Kiswahili pekee kinatosha kwa kupima atakuwa amerudia, kwa nia njema, uamuzi uleule uliofanywa juu ya Kiingereza.

Upande wa redio nao una somo la kisera. Kila mtengenezaji ana kiungo chake: mmoja hutumia megahezi 5, mwingine 12, na kichakataji cha nje cha kampuni moja hakizungumzi na kipandikizi cha nyingine. Koili ya nje ikiondolewa, au betri ikiisha, kifaa cha ndani hunyamaza papo hapo, kwa sababu hakina chanzo chake cha nguvu. Hospitali inaposaini mkataba wa ununuzi inamfunga mtoto kwa mtengenezaji huyo kwa muda ambao kifaa cha ndani kitakuwa kichwani mwake. Gharama za koili, nyaya na betri za miaka kumi zinastahili kuwamo katika hesabu ya siku ya kwanza.

Kwa upande wa usemi, kanzidata za sauti za Kiswahili zilizoanza kukusanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ajili ya kompyuta zilitokana kwa sehemu kubwa na matangazo ya habari, yaani watu wazima waliofunzwa kutamka. Hazikukusudiwa kumpima mtoto wa miaka mitatu. Kazi za fonolojia ya Kiswahili zilizoandikwa Dar es Salaam na kwingineko zinaeleza fonimu kwa kina. Kinachohitajika juu yake ni orodha za maneno zilizosawazishwa kifonetiki, sentensi za kupimia viambishi, na viwango vya umri vinavyoonyesha ni lini mtoto mwenye usikivu wa kawaida wa Unguja, Morogoro, Nakuru au Bukavu huanza kutofautisha ki- na vi-, m- na ku-. Viwango vya Unguja havitafaa Bukavu bila marekebisho, kwa kuwa Kiswahili cha huko kina upatanisho wake. Kazi hiyo inaweza kuanzishwa na idara mbili za chuo kimoja, ile ya isimu na ile ya magonjwa ya masikio, kwa kinasa sauti kizuri na chumba kimya, kabla ya kundi lijalo la watoto kufika kliniki.